Rhoda Kalema hakupewa kiti

Asubuhi ya tarehe 5 Septemba 1945, Martin Luther Nsibirwa alikuwa anaingia kusali katika kanisa kuu la Namirembe. Alikuwa Katikkiro, waziri mkuu wa Kabaka, mfalme wa Buganda. Jana yake tu Lukiiko, baraza la Buganda, lilikuwa limepitisha sheria ya kuruhusu ardhi itwaliwe kwa manufaa ya umma, na watu wa Mengo, makao ya ufalme, walijua ardhi iliyokuwa ikisemwa ni ipi: kilima cha Makerere, ambako chuo kilitaka nafasi ya kupanuka. Wengi waliona huo ni mlango wa Mwingereza kuinyakua ardhi ya Buganda. Nsibirwa alitanguliza chuo. Akapigwa risasi palepale kanisani, akafa.

Mwaka huohuo wasichana sita walipokewa Makerere, wanawake wa kwanza kusoma pale. Leo chuoni kuna bweni linaloitwa Nsibirwa. Vijana wanaingia na kutoka, wanalitetea bweni lao kwa nyimbo na kelele, lakini ukiwauliza huyo Nsibirwa ni nani na alimzaa nani, wengi wanabaki kukutazama.

Miongoni mwa watoto wake wengi alikuwemo Rhoda Nakibuuka. Siku ile alikuwa na miaka 16.

Namwandika kwa sababu kuna maneno nimeyasikia mpaka yamenichosha: "Ninyi wanawake mlipewa." Mlipewa viti, mlipewa wizara, mlipewa hata uspika. Nayasikia chumba cha walimu, nayasikia kwenye teksi, nayasikia harusini wanaume wakishashiba. Anayeyasema kwa kawaida si mtu mbaya, na hesabu zake si za uongo. Atakuambia NRM ya Museveni iliingia Kampala Januari 1986, na mwaka 1989 kila wilaya ikatengewa kiti cha mwanamke. Mwaka 1994 Specioza Wandira Kazibwe akawa Makamu wa Rais, mwanamke wa kwanza Afrika kushika cheo hicho. Mwaka 2011 Rebecca Kadaga akawa Spika, na 2021 Robinah Nabbanja akawa Waziri Mkuu. Kwa hiyo mpaji anajulikana, na mpokeaji atulie ashukuru.

Kwa mtu huyo, wanawake wa Uganda waliingia siasani siku mpaji alipofungua mkono. Nikimsikiliza najua hajapata kusimuliwa habari za Rhoda Kalema.

Rhoda alizaliwa Mei 1929, mwaka uleule baba yake aliposhika Ukatikkiro. Akakulia katika nyumba ya kiongozi, nyumba ambayo machifu na wadai wa ardhi hawakauki mlangoni, na mtoto anasikia siasa kabla hajajua kusoma. Alipokuwa na miaka kama 12 hivi, mwaka 1941, baba yake akaanguka madarakani. Kilichomwangusha ilikuwa ndoa.

Kisa chenyewe kinastahili kuelezwa taratibu. Kabaka Daudi Chwa alifariki mwaka 1939. Mjane wake, Irene Drusilla Namaganda, akawa Namasole, mama wa Kabaka mpya, Mutesa, ambaye alikuwa bado kijana. Mila ilikuwa haina utata: Namasole haolewi tena. Namaganda akataka kuolewa, tena na mtu wa kawaida asiye na cheo. Askofu akakubali ndoa ifungwe, na Katikkiro Nsibirwa akasimama upande huo. Buganda ikawaka. Wakubwa wa nchi waliona ufalme umevuliwa nguo hadharani, na Nsibirwa akalazimika kuachia kiti. Alirudishwa mwaka 1945 baada ya machafuko ya mwaka ule, na hakukaa sana kabla ya asubuhi ile ya Namirembe.

Kwa hiyo kabla Rhoda hajatimiza miaka 20 alikuwa ameshaona mambo mawili ambayo wanasiasa wengi hawayaoni maisha yao yote. Aliona mtu akipoteza cheo kwa sababu ya haki ya mjane kuolewa. Kisha akaona mtu huyohuyo akipoteza uhai kwa sababu ya sheria ile ya ardhi. Mtoto aliyelelewa hivyo ana kila sababu ya kuikimbia siasa, na hakuna ambaye angemlaumu.

Alisoma Gayaza, kisha King's College Budo. Mwaka 1950 akaolewa na William Wilberforce Kalema, mwalimu wa Budo. Katika miaka ya 1950 akaenda Scotland, akasoma chuo cha Newbattle Abbey, halafu ustawi wa jamii katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Sehemu hii ya maisha yake naipita haraka, maana ndiyo inayopendwa na waandika tanzia: binti wa mkubwa, shule nzuri, Ulaya, kazi serikalini. Yote ni kweli, lakini hayatoshi kueleza yaliyofuata.

Afadhali nieleze alirudi kukuta nini. Wanawake wa Uganda walikuwa hawajalala wakisubiri mtu awaamshe. Baraza la Wanawake la Uganda lilikuwepo tangu miaka ya 1940, Waafrika, Wahindi na Wazungu wakikaa meza moja, na mwaka 1960 liliitisha mkutano mzima kuhusu hadhi ya mwanamke katika sheria za ndoa. Pumla Kisosonkole alikuwa ameshaingia Baraza la Kutunga Sheria. Sarah Ntiro, aliyerudi kutoka Oxford na shahada yake, alipoambiwa kwamba mshahara wake wa ualimu utakuwa chini ya ule wa mwanamume mwenye elimu kama yake, alisema heri afundishe bila kulipwa kuliko kuupokea ule. Huyu ningempenda niandike habari zake peke yake siku moja. Na bendera ilipopanda mwaka 1962, bungeni walikuwemo Florence Lubega na Sugra Visram. Rhoda hakuwa wa kwanza kuingia, na heshima aliyopewa baadaye ya kuitwa mama wa Bunge haina maana kwamba yeye ndiye aliyeufungua mlango.

Serikali ya uhuru ikaunda tume ya kuchunguza ndoa, talaka na hadhi ya wanawake. Ripoti yake ilitoka mwaka 1965. Mwenyekiti wa tume alikuwa William Wilberforce Kalema, mume wa Rhoda. Watu wa sheria hadi leo wanaiita Tume ya Kalema. Nchi ilikuwa na sheria moja ya ndoa kwa Wakristo na waliooana kiserikali, nyingine kwa Waislamu, nyingine kwa Wahindu, na mila za kila kabila kivyake, na mwanamke alikuwa akijua haki zake kwa kuulizia alifunga ndoa wapi. Tume ilipewa kazi ya kutafuta njia ya kuzipatanisha. Nitairudia tume hii, kwa sababu kazi yake haijaisha.

Kalema alikuwa waziri katika serikali ya Milton Obote. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin akapindua. Mwaka mmoja kasoro siku chache baadaye, tarehe 20 Januari 1972, William Kalema akachukuliwa. Hakurudi nyumbani tena.

Nilikuwa mtoto mdogo wakati huo, katika kota za reli pale Nsambya. Baba alikuwa mtu wa pwani aliyeletwa na kazi ya garimoshi, na kwetu, kama katika nyumba nyingi za kota, lugha ilikuwa Kiswahili. Ndani ya uzio ilikuwa lugha ya kuitana kula, ya kugombana kwa ajili ya bomba la maji, ya Mama kupiga bei ya samaki. Ukitoka nje ya uzio ilikuwa lugha ya askari. Kizuizi cha barabarani kilizungumza Kiswahili. Watu waliingizwa kwenye buti la gari kwa Kiswahili. Mama alitufundisha kwamba tukiwa sokoni Owino tuseme Kiganda, hata kibovu, ili mwenye genge asije akadhani tuna ndugu jeshini. Naandika makala hii kwa Kiswahili nikiyakumbuka hayo vizuri. Wajane wa enzi ile walikuwa na sababu ya kushtuka wakisikia lugha yangu nyuma ya mlango, na nadhani sisi tunaokipenda Kiswahili hapa Uganda hatuwezi kukisambaza kwa heshima kama hatukubali kwamba kilifika kwenye nyumba nyingi kikiwa kimebeba bunduki.

Mwaka ule wa 1972 ulikuwa mwaka wa kuchukuliwa. Septemba akachukuliwa Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, mchana kweupe, kutoka ofisini kwake mahakamani. Wapo waliotajwa magazetini na wapo wengi zaidi ambao hata jirani hakuthubutu kuwauliza. Namna yenyewe ya kuchukuliwa ilikuwa na ukatili wake wa ziada kwa mke. Mume akifa, watu wanakuja, wanaketi msibani, wanalia na wewe, wanachanga, wanakusaidia kulala. Mume akichukuliwa, watu hawaji, kwa sababu kuja ni kujitangaza. Huwezi kuvaa nguo za msiba kwa sababu hujaambiwa amekufa. Huwezi kugusa akaunti yake benki. Watoto wanauliza Baba anarudi lini, na huna jibu ambalo si uongo. Na ukipika, unapika kwa wingi uleule wa kila siku kwa sababu mkono haujazoea.

Rhoda alikuwa na miaka 42. Kitinda mimba wake, Gladys, alikuwa ametimiza miaka miwili siku chache kabla. Huyo ndiye Gladys Kalema-Zikusoka, daktari wa wanyama anayejulikana duniani kote leo kwa kazi yake ya kuwalinda sokwe wakubwa wa msitu wa Bwindi. Watu wanamsifia Gladys kwa ujasiri wake mbele ya wanyama wale. Mimi namwazia mama aliyewalea watoto katika Kampala ya Amin, mji ambao jina la ukoo wao lilikuwa hatari kulitaja kwa sauti.

Hapa ndipo yule msemaji wa "mlipewa" ningependa anyamaze kidogo. Baba ameuawa kwa siasa. Mume amepotezwa kwa siasa. Mwanamke huyu hadaiwi chochote na nchi. Angeweza kumaliza maisha yake akilea wajukuu na kwenda Namirembe Jumapili, na watu wangemwinamia kwa heshima.

Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala, Amin akakimbia. Kikaundwa chombo cha kushika nafasi ya Bunge, Baraza la Ushauri la Taifa. Rhoda Kalema akaingia, mmoja wa wanawake wawili tu. Akawa pia naibu waziri wa utamaduni na maendeleo ya jamii. Wakati ule mambo yalikuwa yakibadilika kwa kasi ya kutisha: Yusuf Lule alikaa siku 68 akaondolewa, akaja Godfrey Binaisa, naye akaondolewa Mei 1980, nchi ikashikwa na Tume ya Kijeshi. Usiku mjini risasi zilikuwa zinalia kama zamani, ila sasa hatukujua ni za nani.

Uchaguzi ukapangwa Desemba 1980. Vyama vikubwa viliamka vilevile vilivyolala miaka ya 1960: UPC ya Obote na DP. Mjane wa waziri wa Obote angeweza kurudi UPC na kupokewa kwa mikono miwili. Mumewe alikufa akiwa mtu wao. Rhoda hakurudi. Akawa miongoni mwa walioanzisha chama kipya, Uganda Patriotic Movement, pamoja na kijana mmoja aitwaye Yoweri Museveni na wenzake. Chama hicho kilipata kiti kimoja nchi nzima. Katika Bunge zima lililotoka kwenye uchaguzi huo, uliolalamikiwa kwa wizi wa kura, mwanamke aliyechaguliwa alikuwa mmoja tu, naye hakuwa Rhoda.

Uamuzi wake ule naurudia kichwani mara kwa mara. Kwa hesabu za siasa ulikuwa wa hasara tupu. UPM haikuwa na fedha, haikuwa na kabila nyuma yake, haikuwa na dini. Kilichokuwepo ni watu waliosema nchi haiwezi kurudi ilikotoka. Museveni aliposhindwa aliingia msituni Februari 1981. Walioanzisha naye chama na kubaki mjini ndio waliolipa. Rhoda alikamatwa na kuwekwa ndani, akatolewa, akakamatwa tena, katika miaka hiyo ya mwanzo ya 1980. Mwanamke wa miaka 50 na zaidi, mjane, anakuja kuchukuliwa na watu wenye silaha, kama mumewe alivyochukuliwa. Tofauti ni kwamba yeye alirudi.

Nasi tunaambiwa alipewa.

Vita vya msituni vilipiganiwa katika pembetatu ya Luwero, na Kiboga ilikuwa ndani yake. Wakati huo Kiboga ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Mubende. Ukitoka Kampala kwa barabara ya Hoima unapita Nansana, Kakiri, Busunju, Bukomero, halafu Kiboga. Sasa ni barabara ya lami, unauziwa nanasi na mahindi ya kuchoma dirishani. Baada ya vita watu walirudi na kukuta mashamba ya kahawa yamekuwa pori na mafuvu yamepangwa kando ya barabara. Huko ndiko Rhoda alikokwenda kuomba kura mwaka 1989.

Uchaguzi wa mwaka ule unahitaji kufafanuliwa kwa waliozaliwa baadaye, maana haukufanana na wa sasa. Hakukuwa na kampeni za vyama, hakukuwa na picha kwenye karatasi. Kulikuwa na kamati za RC (Resistance Council), kuanzia kijijini. Wanakijiji wanachagua kamati yao, kamati zinachagua ngazi ya juu, ngazi ya juu inachagua inayofuata, mpaka wajumbe wa kata ndogo wanamchagua mwakilishi wa kaunti kwenda National Resistance Council, baraza lililokuwa ndilo Bunge. Na kuchagua kwenyewe kulikuwa kwa kupanga mstari nyuma ya mtu unayemtaka.

Mimi nilipiga kura kwa mara ya kwanza maishani kwa namna hiyo, pale Nsambya, kuchagua kamati ya RC1. Wagombea walisimama uwanjani wamegeuza migongo, ili wasiwaone wanaowafuata. Tuliambiwa tutembee. Nakumbuka vumbi, na nakumbuka wanaume waliobaki katikati wakijifanya wanafunga kamba za viatu, wakisubiri kuona mstari upi utakuwa mrefu. Kulikuwa na mama mmoja amegombea umakamu, muuguzi, mtu aliyetuzalisha nusu ya mtaa. Jirani yetu, mzee wa reli, ambaye mkewe alizalishwa na muuguzi huyo mara zote, alinong'ona kwamba anamkubali kabisa ila hawezi kuonekana amesimama nyuma ya mwanamke. Akaenda mstari mwingine. Msimamizi alipita akigusa kila bega na kuhesabu kwa sauti, na ukishaguswa umeshahesabiwa, kila mtu amekuona.

Basi fikiria Kiboga. Wajumbe wale wa kata ndogo walikuwa wanaume kwa wingi mkubwa, watu wazima, wengi wametoka vitani. Washindani wa Rhoda walikuwa wanaume. Viti vya wanawake vya wilaya vilikuwepo mwaka uleule, vimeanzishwa kwa mara ya kwanza, na mtu wa jina lake hangekosa. Yeye akagombea kiti cha kaunti, kile cha wote, akashinda. Alikuwa anakaribia miaka 60.

Ninapolitaja hili huwa naulizwa kama basi nadharau viti maalumu. Hapana, na nitasema wazi. Bila viti vile, wilaya nyingi zisingepeleka mwanamke bungeni hata mmoja kwa miaka 30, na wasichana wangu darasani wasingekuwa na picha ya mwanamke amevaa joho la Spika. Lakini viti vile vimekua pamoja na wilaya, na wilaya zinaongezwa na mkono wa mwenye nchi. Uchaguzi wa 2021 ulikuwa na viti 146 vya wanawake na 353 vya majimbo, na katika hivi 353 wanawake walioshinda ni wachache mno. Mwanamke akionyesha nia ya kugombea jimbo anaambiwa na wanaume wa chama chake mwenyewe, "Nenda kwenye kiti chenu." Kilichowekwa kuwa mlango kimegeuzwa ukuta. Nadhani ndiyo sababu mfano wa Kiboga wa mwaka 1989 hautajwi mara nyingi: unawasumbua wanaume wanaotaka wanawake wabaki upande mmoja wa ukumbi, na unawasumbua pia baadhi ya waheshimiwa wanawake waliozoea kurudi bungeni bila kushindana na mwanamume.

Machi 1994 kukawa na uchaguzi wa Bunge la Katiba. Rhoda akagombea tena kwa Kiboga, akashinda tena. Katiba iliyotoka humo ilitangazwa tarehe 8 Oktoba 1995, na wanawake waliokuwemo walifanya kazi kwa kushikana, wakivuka kambi zao. Ibara ya 33 inasema mwanamke ana hadhi kamili na sawa na mwanamume, na inakataza mila zinazomdhalilisha. Mabaraza ya serikali za mitaa yakawekewa theluthi moja ya viti kwa wanawake. Ila ibara ninayoirudia mimi ni ya 31. Inaweka miaka 18 kuwa umri wa kuoa na kuolewa, inasema mke na mume wana haki sawa wanapooana, wakiwa kwenye ndoa na inapovunjika, na inaliagiza Bunge litunge sheria za kulinda haki ya wajane kurithi mali ya wenzi wao na haki yao juu ya watoto.

Ibara hiyo ilipita mbele ya binti wa mtu aliyeangushwa kwa kumruhusu mjane aolewe, mke wa mtu aliyeongoza tume ya ndoa na talaka, naye mwenyewe amekuwa mjane kwa zaidi ya miaka 20 wakati huo. Sidai kwamba aliiandika yeye. Katiba iliandikwa na mikono mingi. Nasema kwamba katika ukumbi ule hapakuwa na wengi waliokuwa na haki kubwa kuliko yake ya kuinua mkono.

Mwaka 1996 akastaafu siasa za bungeni. Hakung'ang'ania. Kiboga ikaendelea kuwa na mwanamke bungeni, Ruth Nankabirwa, aliyekaa miaka mingi na kufika uwaziri. Mwaka 2021, akiwa amepita miaka 90, Mama Rhoda akachapisha kitabu cha maisha yake. Alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na miaka 94. Salamu za rambirambi zilikuwa nyingi na nzuri. Karibu zote zilimwita mama: mama wa Bunge, mama wa taifa, mama yetu. Jina hilo ni la heshima kwetu na sina ugomvi nalo, ila nimeona linavyotumika. Mama anashukuriwa kwa uvumilivu na kwa malezi. Mwanasiasa anaulizwa alisimamia nini, alimpinga nani, kazi yake imefikia wapi. Mama Rhoda alistahili kuulizwa maswali hayo, na sisi tunastahili kuyauliza kwa niaba yake.

Basi kazi imefikia wapi? Sheria ya Ndoa tunayoitumia ni ya mwaka 1904. Tume ya Kalema ilitoa ripoti 1965. Mswada wa mahusiano ya nyumbani ukaja bungeni mwaka 2003, ukapigwa vita, ukafa. Ukarudi kwa jina la ndoa na talaka, na mwaka 2013 wabunge walipopelekwa majimboni kuwauliza wananchi walirudi wameujia juu, ukawekwa kando. Mwaka 2024 mbunge mwanamke wa Tororo, Sarah Opendi, akaleta mwingine. Mahakama zimefanya zaidi kuliko Bunge: mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya talaka vilivyompa mume sababu rahisi kuliko mke, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Sheria za urithi zikarekebishwa mwaka 2022. Lakini mwanamke aliyeishi na mwanamume bila ndoa inayotambuliwa, hata miaka 20, bado sheria haimwoni kama mke.

Yupo mmoja kwetu, jirani yangu hapa Kawempe. Anauza matoke na viazi kwenye kibanda cha mabati. Yeye na mzee wake walijenga vyumba vitatu kidogokidogo, na fedha ya kuchimba choo ilikuwa yake, najua kwa sababu kikundi chetu cha akiba ndicho kilichomkopesha. Mzee alifariki mwaka jana. Arobaini haijaisha, ndugu wakaja na gari dogo la mizigo kuchukua makochi na friji, na kumwambia ahame. Alipolalamika kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, aliulizwa swali moja: mzee alikwenda kwenu kwenye kwanjula, sherehe ya kujitambulisha kwa wazazi wa mke? Hakwenda. Kila mwaka alisema mwaka ujao, mavuno yakiwa mazuri, ada za shule zikipungua. Hakuna barua, hakuna picha ya ssenga, shangazi, akimpokea, hakuna cheti.

Watoto sheria inawatambua, kwa hiyo madai yanapitia kwao, na yeye anasimama kama mlezi. Alhamisi tunakwenda ofisi ya FIDA, chama cha wanasheria wanawake, tukiwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, daftari la kikundi linaloonyesha mkopo wa choo, na risiti za saruji alizokuwa amezihifadhi kwenye mkebe wa majani ya chai.